Hewa Moto Isiyo na Moshi: Kuchagua Chombo cha Kukaushia Samaki Mwambaoni

Katika mwambao wa kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Kunduchi hadi Mbegani na Bagamoyo, dagaa na ng'onda hukaushwa kwa jua. Dagaa huchemshwa kidogo katika maji ya chumvi, kisha hutandazwa juu ya chanja, mikeka au mchanga. Wakati wa kiangazi kazi hii haina gharama kubwa. Wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, mawingu hutanda siku nyingi na samaki aliyekwisha kuanikwa huweza kuoza kabla ya kukauka. Hapo mwenye mali hubakiwa na njia mbili: kumtupa, au kumbanika kwa kuni. Iko njia ya tatu, nayo ni kupasha hewa joto pasipo kuichanganya na moshi.

Kwa nini hewa ya pwani haikaushi

Hewa hubeba maji yaliyo katika hali ya mvuke, na kiasi inachoweza kubeba huongezeka kadiri inavyopata joto. Tuchukue mfano wa hewa yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi, ambayo imekwisha kubeba asilimia 80 ya mvuke inaoweza kuubeba. Nafasi iliyobaki ya kupokea maji kutoka mwilini mwa samaki ni ndogo. Hewa hiyo ikipashwa hadi nyuzi 45, mvuke wake haupungui, lakini uwezo wake wa kubeba huzidi mara mbili. Kwa hiyo mvuke uleule huwa sawa na asilimia 35 tu. Hewa iliyokuwa imeshiba sasa ina kiu.

Haifai kuzidisha joto mwanzoni. Likizidi, nyama ya nje hukauka upesi ikawa gamba gumu, na maji ya ndani yakakosa njia ya kutokea. Samaki wa namna hiyo huonekana mkavu sokoni, kumbe anaoza ndani.

Vyombo vitatu

Chombo cha kwanza ni tanuri la moshi. Moto huwashwa chini, na moshi hupita katikati ya samaki. Tanuri hukausha na kutia ladha, lakini moshi wa kuni una benzopireni, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeithibitisha kuwa ni kisababishi cha ugonjwa huo. Tena kuni za pwani huweza kuwa za mikoko, na mizizi ya mikoko ndiyo malezi ya kamba na ya samaki wachanga. Aichomaye anapunguza mavuno ya kesho.

Cha pili ni kipasha hewa cha dizeli. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya malori na mabasi ya nchi za baridi, na hutumiwa pia katika mabasi yaliyogeuzwa kuwa makazi ya safari. Pampu ndogo hupeleka dizeli kwenye chumba cha moto. Hewa ya kuwashia huvutwa kutoka nje, na moshi hurudishwa nje kwa bomba lake. Feni hupitisha hewa nyingine, iliyo safi, nje ya kuta za chuma za chumba hicho. Hewa hiyo hupata joto pasipo kukutana na moshi. Chombo chenye nguvu ya kilowati 2 hutumia karibu robo lita ya dizeli kwa saa, pamoja na umeme wa betri wa kuendeshea feni na pampu.

Cha tatu ni kipasha hewa cha jua, yaani sanduku lenye bati lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo. Mchana wa anga safi kila meta ya mraba hupokea karibu kilowati 1. Ikiwa nusu yake itanaswa, sanduku la meta 4 za mraba hutoa kilowati 2, sawasawa na chombo cha basi, bila tone la mafuta.

Hesabu ya mafuta

Kilo 10 za samaki mbichi wenye maji asilimia 75 zina kilo 2.5 za kitu kikavu. Zikikaushwa hadi maji yawe asilimia 25, hubaki kilo 3.3, maji yanayoondoka ni kilo 6.7. Iwapo nusu ya joto itapotea, kazi hiyo huhitaji lita moja ya dizeli na kidogo zaidi. Mwenye kuchagua na alinganishe bei ya lita hiyo na bei ya kilo 3.3 za samaki mkavu. Kwa samaki wa bei ya chini faida huweza kumezwa na mafuta.

Uchaguzi

Kwa sababu hiyo, chombo cha jua ndicho kiwe msingi, na cha dizeli kiwe msaidizi wa usiku na wa siku za mvua, vyote viwili vikilisha banda moja. Anayenunua cha dizeli asitazame nguvu peke yake. Atazame kwanza kama njia ya moshi na njia ya hewa safi zimetengana kabisa. Bomba la moshi lielekezwe mbali na mlango wa kuingizia hewa, kwa kuzingatia kwamba kusi na kaskazi huvuma kutoka pande tofauti. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Kuta za chumba cha moto zikaguliwe kabla ya kila msimu. Ufa mdogo hupitisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Mlinzi wa banda asilale ndani yake kamwe, hata usiku wa mvua.