Urejelezaji wa Vyombo vya Mwonekano katika Orodha na Gridi za Programu za Simu: Mfano wa Orodha ya Vijiji vya Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna programu za simu za mkononi zinavyoonyesha orodha ndefu na gridi kwa kutumia vyombo vichache vya mwonekano ambavyo hujazwa data mpya kila mtumiaji anaposogeza skrini. Mfano unaotumika ni orodha ya vijiji 14,837 vya Rwanda, ambayo programu ya huduma za umma jijini Kigali inaweza kulazimika kuionyesha katika simu ya bei nafuu. Makala yanabainisha hatua za urejelezaji, makosa yanayotokana nao, na athari za makosa hayo katika usahihi wa kumbukumbu za wananchi. Hoja kuu ni kwamba urejelezaji si suala la kasi peke yake, bali pia ni suala la uaminifu wa data, na kwa hiyo unastahili kuzingatiwa katika masharti ya ununuzi na upokeaji wa programu za umma.

Maneno makuu: urejelezaji, chombo cha mwonekano, orodha, gridi, kumbukumbu, huduma za umma, Rwanda

1.0 Utangulizi

Rwanda ni miongoni mwa nchi za Afrika Mashariki zilizohamishia sehemu kubwa ya huduma za serikali katika mtandao. Lango la huduma la Irembo, ambalo jina lake katika Kinyarwanda lina maana ya mlango wa kuingilia nyumbani, lilianza kazi mwaka 2015. Sambamba na hatua hiyo, juhudi zimefanyika za kuwafikishia wananchi simu janja. Oktoba 2019 kiwanda cha Mara Phones kilizinduliwa Kigali kikiwa na simu mbili, ya bei ndogo ikiuzwa kwa takribani dola 130 za Marekani na nyingine takribani dola 190. Kampeni ya Connect Rwanda, iliyoanza mwishoni mwa mwaka huohuo, ilikusanya michango ya simu kwa ajili ya kaya zisizo na uwezo.

Juhudi za aina hii huongeza idadi ya watumiaji, lakini wengi wao huingia mtandaoni kwa simu zenye kumbukumbu ndogo na vichakataji vya kasi ya chini. Programu inayofanya kazi vizuri katika simu ya msanidi wake inaweza kukwama katika simu ya mkulima. Mara nyingi mahali inapokwama ni pale penye orodha ndefu: miamala, bidhaa, wagonjwa, wanafunzi au vijiji.

2.0 Tatizo: Orodha Kubwa, Skrini Ndogo

Mgawanyo wa kiutawala wa Rwanda una majimbo manne na Jiji la Kigali, wilaya 30, imirenge 416, utugari 2,148 na imidugudu, yaani vijiji, 14,837. Chukulia programu inayomtaka mwananchi achague kijiji chake katika orodha moja. Kila safu mlalo ina fremu, jina la kijiji, jina la akagari, jina la umurenge na alama ya kuchagulia. Hivyo ni vyombo vitano vya mwonekano, yaani vitu vitano ambavyo programu huviunda katika kumbukumbu ili kuchora sehemu hiyo ya skrini.

Ikiwa programu itaunda safu mlalo zote kwa pamoja, itahitaji vyombo 74,185. Hata kila kimoja kikikadiriwa kuchukua kilobaiti 1 tu, jumla yake inazidi megabaiti 70, ilhali mfumo wa Android huiwekea kila programu kikomo cha kumbukumbu kulingana na uwezo wa simu. Juu ya hayo, mtumiaji hawezi kuona zaidi ya safu mlalo kumi hivi kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa mno ya kazi hiyo ingefanywa kwa ajili ya vitu visivyoonekana.

Tatizo la pili ni la muda. Skrini inayochorwa mara 60 kwa sekunde huipa programu takribani milisekunde 16.7 kuandaa kila picha. Skrini ya mara 120 huipa takribani milisekunde 8.3. Kuunda safu mlalo mpya kunahusisha kusoma maelezo ya umbo lake, kutenga kumbukumbu na kupima kila sehemu. Kazi hiyo ikipita muda uliopo, picha hukosekana na mtumiaji huona orodha ikisitasita chini ya kidole chake.

3.0 Utaratibu wa Urejelezaji

3.1 Wazo la msingi

Muuza chai katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo hahitaji vikombe mia ili kuwahudumia wateja mia. Akiwa na vikombe kumi na vitano, kila kinachorudi huoshwa, hujazwa chai na kupewa mteja mwingine. Urejelezaji hufuata mantiki hiyohiyo: vyombo vya mwonekano ni vikombe, data ni chai. Safu mlalo inayotoka juu ya skrini haitupwi. Huondolewa maandishi ya zamani, hujazwa ya kijiji kinachofuata na kuwekwa chini ya skrini. Idadi ya vyombo hutegemea ukubwa wa skrini, si urefu wa orodha. Vijiji 14,837 na vijiji 100 huhitaji karibu idadi ileile ya vyombo.

3.2 Hatua zake katika Android

Katika Android, kijenzi cha ListView kilichokuwapo tangu toleo la kwanza la mwaka 2008 kiliruhusu urejelezaji, lakini kilimwachia msanidi uamuzi wa kuutumia au kuupuuza. RecyclerView, iliyotangazwa mwaka 2014, iliufanya kuwa sehemu ya lazima ya muundo. Kazi imegawanywa kwa wahusika wawili. Mpangaji huamua safu mlalo ikae wapi, na adapta hueleza idadi ya vitu, huunda vyombo vipya inapobidi na kuvijaza data.

Mpangaji anapohitaji chombo cha nafasi fulani, utafutaji hufuata ngazi zifuatazo.

Kwanza, huangaliwa vyombo ambavyo bado vimo katika skrini na vinapangwa upya tu. Pili, huangaliwa akiba ndogo ya vyombo vilivyotoka hivi punde, ambayo kwa kawaida hubeba viwili. Hivi bado vina data yake. Mtumiaji akirudi nyuma kidogo, hurejeshwa bila kujazwa upya. Tatu, huangaliwa hodhi la vyombo vilivyopangwa kwa aina, ambalo kwa kawaida hubeba vitano kwa kila aina. Chombo cha hodhi hakihesabiwi tena kuwa na data halali, hivyo ni lazima kijazwe upya. Ngazi zote zikishindikana, ndipo chombo kipya huundwa.

Aina ni muhimu katika ngazi ya tatu. Orodha yenye vichwa vya wilaya na safu mlalo za vijiji ina aina mbili, na chombo cha kichwa hakiwezi kugeuzwa kuwa cha kijiji.

3.3 Gridi

Gridi, kama ile ya picha za bidhaa, hutumia utaratibu huohuo kwa tofauti moja: safu mlalo nzima huingia na kutoka kwa pamoja. Gridi ya safu wima nne hudai vyombo vinne vijazwe kwa mkupuo ndani ya muda uleule. Ikiwa safu wima ni nyingi, hodhi la vyombo vitano huweza kufurika, ziada ikatupwa na kuundwa tena muda mfupi baadaye. Tiba yake ni kuongeza ukubwa wa hodhi kwa aina husika.

3.4 Mifumo mingine

Wazo hili si la Android peke yake. UITableView ya iPhone ilikuwa na foleni ya seli za kutumiwa tena tangu mwaka 2008, na UICollectionView ikaleta utaratibu huo katika gridi mwaka 2012. Katika zana za kisasa kama Jetpack Compose, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2021, msanidi hueleza tu orodha inavyopaswa kuonekana na zana hushughulikia utumiaji tena. Flutter hujenga sehemu inayokaribia kuonekana na kuiacha ikishapita. Kanuni inayoziunganisha zote ni moja: kisichoonekana kisigharimu.

4.0 Makosa na Athari Zake

4.1 Kikombe kisichooshwa

Kosa linalojulikana zaidi ni kutofuta hali ya awali. Chukulia mhudumu wa afya ya jamii anayeweka tiki kwenye kaya alizozitembelea. Ameweka tiki kwenye kaya ya pili, kisha akasogeza orodha. Chombo cha kaya ya pili kimerejelezwa kwa kaya ya kumi na nne. Ikiwa msanidi ameandika agizo la kuweka tiki lakini hakuandika la kuiondoa, kaya ya kumi na nne itaonekana imetembelewa.

Hapa kuna viwango viwili vya madhara. Ikiwa tiki huhifadhiwa katika data, kosa ni la macho tu, ingawa laweza kumfanya mhudumu airuke kaya hiyo. Ikiwa programu husoma tiki kutoka katika chombo chenyewe wakati wa kutuma taarifa, uongo huo huingia katika kumbukumbu rasmi. Kanuni inayofuata ni kwamba chombo kionyeshe hali, kamwe kisiihifadhi.

4.2 Picha inayochelewa

Kosa la pili hutokea picha zinapopakuliwa kutoka mtandaoni. Chombo huomba picha ya mtu wa tatu. Kabla haijafika, chombo hicho kimekwisha kupewa mtu wa kumi na tano. Picha ikifika, huwekwa penye jina lisilo lake. Katika mtandao wa kasi kosa hili halionekani kwa urahisi. Katika mtandao wa polepole hujitokeza mara kwa mara. Hivyo jaribio lililofanyika ofisini Kigali laweza kulipitisha, na likagunduliwa na watumiaji wa vijijini. Tiba ni kufuta ombi la zamani chombo kinapojazwa upya.

4.3 Urejelezaji unaozimwa bila kukusudia

Orodha ikiwekwa ndani ya eneo jingine linalosogezwa na kuachwa ijipimie urefu wake wote, mfumo hudhani kwamba safu mlalo zote zinaonekana na kuziunda zote. Urejelezaji upo katika msimbo lakini haufanyi kazi. Vilevile, kutangaza kwamba data yote imebadilika wakati jina moja tu limebadilika hupeleka vyombo vyote hodhini. Vinavyozidi kikomo hutupwa na kuundwa upya.

5.0 Mipaka ya Urejelezaji

Urejelezaji hupunguza gharama ya vyombo, haupunguzi ukubwa wa data yenyewe. Kwa orodha ndefu sana, data nayo inapaswa kuletwa kwa sehemu. Wala haumrahisishii mtumiaji kutafuta kijiji kimoja kati ya 14,837.

Mgawanyo wa kiutawala wenyewe unatoa njia bora zaidi. Mwananchi akianza na majimbo manne na Jiji la Kigali, hukutana na wastani wa wilaya 6, kisha imirenge 14, utugari 5, na hatimaye imidugudu 7. Nyingi ya orodha hizi hutosha katika skrini moja au huipita kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mbunifu ni iwapo orodha ndefu inahitajika. Panapohitajika, kama katika miamala au rejesta za wagonjwa, ndipo urejelezaji sahihi unapokuwa wa lazima.

6.0 Mapendekezo

Taasisi zinazonunua programu zinaweza kuweka masharti ambayo hata mkaguzi asiyesoma msimbo anaweza kuyapima. Programu ijaribiwe katika simu ya bei nafuu inayouzwa nchini, si katika simu ya hali ya juu pekee. Ijaribiwe kwa data ya ukubwa halisi. Tiki iwekwe kwenye safu mlalo chache, orodha isogezwe hadi mwisho na kurudishwa, kisha tiki zihesabiwe. Picha zikaguliwe katika mtandao uliopunguzwa kasi. Kisoma skrini kinachotumiwa na wasioona kitaje nafasi sahihi ya kitu katika orodha nzima, si katika vyombo vilivyopo.

Pendekezo jingine ni la kiisimu. Tangu Kiswahili kipewe hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mafunzo na nyaraka za teknolojia zinahitaji istilahi zinazoeleweka katika kanda nzima. Istilahi kama urejelezaji, hodhi na chombo cha mwonekano zinaweza kujadiliwa na kusanifishwa kupitia Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar.

7.0 Hitimisho

Urejelezaji huiwezesha simu ndogo kubeba orodha kubwa kwa kutenganisha chombo na kilichomo. Nguvu yake na hatari yake hutoka mahali pamoja: chombo kimoja hutumikia watu wengi. Data ikikaa mahali pake na chombo kikisafishwa kila kinapotumiwa, mwananchi hupata huduma ya haraka na iliyo sahihi. Utenganisho huo ukivunjwa, taarifa ya mtu mmoja huonekana chini ya jina la mwingine. Kwa kuwa majaribio ya kuligundua kosa hilo ni mepesi na hayana gharama kubwa, hakuna sababu ya kuyaacha nje ya taratibu za kupokea programu za umma.