Breki za Baiskeli Zinazohama na Namna ya Kuzitengeneza

Mtu anayeteremka mlima wa Kisii au wa Murang'a kwa baiskeli iliyopakiwa gunia la viazi hulindwa na raba nne ndogo tu, ambazo kila moja haiupiti urefu wa kidole. Raba hizo zikiishika rimu sawasawa, husimama apendapo. Zikiwa zimehama upande, huenda asijue mpaka afike kwenye kona. Breki ya namna hii huwasumbua wengi: leo hunyoshwa kwa mkono au kugongwa kwa jiwe, na baada ya siku mbili tatu imerudi upande ule ule.

Watu wengi huilaumu breki yenyewe. Lakini breki haiwezi kufanya kazi sawasawa ikiwa gurudumu haliko katikati, kwa hiyo kazi yafaa ianzie kwenye gurudumu. Baiskeli na igeuzwe juu chini, kisha gurudumu lizungushwe polepole, na nafasi iliyopo kati ya rimu na kila mkono wa uma itazamwe. Nafasi ya upande mmoja ikiwa kubwa daima, mara nyingi gurudumu limekazwa likiwa limekwenda upande. Nati zote mbili zilegezwe, gurudumu liwekwe katikati, kisha nati zikazwe tena. Rimu ikiyumba huku na huku, basi spoku zimelegea au zimekatika, na hiyo ni kazi ya fundi. Gurudumu lote likicheza linapotikiswa kwa mkono, gololi zake zahitaji kukazwa. Kuipinda breki ili ifuate gurudumu bovu ni kuuficha ugonjwa, si kuuponya.

Gurudumu likiisha kuwa sawa, ndipo breki itazamwe. Baiskeli nyingi kubwa nyeusi zina breki za fito za chuma. Mkono wa breki ukivutwa, fito hizo huvuta chuma kilichopinda mfano wa herufi U, na raba zake mbili huibana rimu kwa upande wa ndani, penye spoku. Miguu ya chuma hicho huongozwa na vishikio vidogo vilivyofungwa kwenye uma kwa skurubu. Mitikisiko ya barabara mbovu huzilegeza skurubu hizo, vishikio vikateleza, na chuma chote kikalala upande. Hapo ndipo penye kosa, na kukigonga chuma hakusaidii kitu. Vishikio virudishwe mahali pake, viwe sawa kwa kimo pande zote mbili, kisha skurubu zikazwe.

Breki ya nyuma ya namna hiyo ina jambo jingine la kukumbukwa. Mnyororo ukikazwa, gurudumu huvutwa nyuma, na rimu husogea karibu na raba. Kwa sababu hiyo, kila mnyororo ukazwapo breki nayo irekebishwe, la sivyo raba zitasugua njia nzima mpaka ziishe.

Baiskeli nyingine zina breki za waya, ambazo mikono yake miwili huibana rimu kutoka kando. Breki hiyo yote hushikwa na bolti moja inayopenya kichwa cha uma. Nati ya nyuma ya bolti ikilegea, breki huzunguka kila inapovutwa. Dawa yake ni kuilegeza nati hiyo kidogo, kuiweka breki katikati, na kuuvuta mkono wa breki kwa nguvu ili raba zishike rimu pande zote mbili. Nati ikazwe wakati raba zingali zimeshika. Breki ikiachiliwa, nafasi ya milimita mbili au tatu yatosha kila upande. Ikiwa mkono mmoja haurudi, huenda kutu au vumbi limeushika: tone moja la mafuta litiwe pale mikono inapokutana. Mafuta yasiguse raba wala rimu hata kidogo, maana breki yenye mafuta huteleza.

Raba nazo zina upande wake. Kijumba cha raba kimezibwa upande mmoja na wazi upande wa pili. Upande uliozibwa lazima uelekee kule rimu inakokwenda gurudumu linapozunguka kwenda mbele. Ukiwekwa kinyume, raba yaweza kuchomoka wakati breki inapovutwa kwa nguvu. Tena raba isiguse tairi, maana italikata. Wala isiguse spoku, maana ikinaswa humo gurudumu la mbele laweza kusimama ghafula na kumtupa mpanda baiskeli.

Kazi ikiisha, breki ijaribiwe kabla ya safari. Mwenye baiskeli na asimame kando yake, avute breki ya mbele, kisha aisukume baiskeli mbele. Gurudumu halipaswi kuzunguka. Afanye vivyo hivyo kwa breki ya nyuma. Halafu apande na kuijaribu mahali tambarare, kwanza bila mzigo. Wakati wa mvua akumbuke kwamba rimu ya chuma ikilowa haishikiki upesi, hata breki ikiwa nzima, kwa hiyo apunguze mwendo mapema kabla ya kufika mteremkoni.

Spana moja na robo saa kila juma vyatosha kuzikagua nati hizi zote.