Bibi Titi Mohamed: Wanawake na Kura Katika Kudai Uhuru

Ukitoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, ukaifuata njia kuu hadi katikati ya jiji, utakutana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wanafunzi wengi wanaijua barabara kuliko wanavyomjua mwenye jina. Ndiyo maana likitoka swali la mchango wa wanawake katika kudai uhuru, wengi hujibu kwamba wanawake "waliimba, walipika na walichangia fedha". Si uongo, lakini jibu hilo halielezi kitu, na msahihishaji hatakuwa na pa kukupa alama.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma Kurani, kisha shule kwa miaka michache tu. Hakuwa mwalimu wala karani. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Usipite hapa haraka, kwa sababu ndipo penye jibu. Katika miji ya pwani, wanawake walikuwa na vikundi vyao vya ngoma, vyenye viongozi, michango, sare na utaratibu wa kusaidiana katika harusi na misiba. Kwa maneno mengine, walikuwa wamejipanga kabla chama chochote cha siasa hakijawafikia.

TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, na viongozi wake walikuwa wanaume. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza: wanawake wenu wako wapi? Hapo ndipo Bibi Titi, mwenye kadi namba 16, alipopewa kazi ya kuongoza tawi la wanawake. Badala ya kupita nyumba kwa nyumba, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Akikubali kiongozi, kikundi kizima kilimfuata. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo wanawake zaidi ya 5,000 walikuwa wamejiunga.

Jiulize kwa nini wanawake waliweza kufanya hivyo kwa kasi kuliko wanaume wengi waliosoma. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na TANU. Karani aliyeonekana na kadi aliweza kupoteza kazi, na Julius Nyerere mwenyewe ilimbidi aache ualimu mwaka 1955. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua hakuwa na mwajiri wa kumfukuza. Hoja hii moja, ukiieleza vizuri, ina uzito kuliko hoja tatu za kukariri.

Sasa tuje kwenye kura. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulikuwa wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Yalitazamwa masharti ya elimu, kipato au cheo. Utaona mara moja nani aliachwa nje. Wanawake wengi waliojaza viwanja vya mikutano ya TANU hawakuwa na cheti wala mshahara, hivyo hawakuwa na kura. Wanawake walioingia katika Baraza la Kutunga Sheria kupitia uchaguzi huo ni Sophia Mustafa, Lady Chesham na Barbro Johansson. Hakuna Mwafrika kati yao.

Baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 milango ilifunguka. Mwaka 1962 iliundwa UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. (Tahadhari: usiandike kwamba UWT ndiyo iliyodai uhuru. Kosa hili hujirudia kila mwaka. Kazi ile ilifanywa na tawi la wanawake la TANU.) Alikuwa pia mbunge na naibu waziri.

Kisha mambo yakabadilika. Katika uchaguzi wa 1965, ule wa alama za jembe na nyumba, alishindwa katika jimbo la Rufiji. Lilipokuja Azimio la Arusha mwaka 1967, hakukubaliana na sharti la kiongozi kutokuwa na nyumba za kupangisha, akajiuzulu. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa sana. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000. Usiogope kuyaandika haya katika insha. Swali likisema "jadili", mtahini anataka kuona pande zote za maisha ya mtu.

Swali la kujipima: "Bila vikundi vya ngoma vya pwani, TANU isingepata wanachama wanawake kwa haraka." Jadili.