Biashara United: Penzi Lililokosa Nauli

Msomaji wangu, mwezi huu kurasa za mapenzi nazipeleka uwanjani. Usinune. Kama uliwahi kupendwa kwa maneno matamu na mtu asiyetoa hata hela ya vocha, hii habari ya watu wa Mara na timu yao utaielewa kuliko mchambuzi yeyote wa mpira.

Ukitaka kujua moyo wa mtu wa Tarime uko wapi, nenda mjini siku ya mechi ya watani wa jadi. Vibanda umiza vimefurika, bodaboda zinapeperusha bendera, wekundu huku, kijani na njano kule. Mugumu, wilayani Serengeti, ni hivyo hivyo. Mwanaume mzima atamnunia mkewe wiki nzima kwa sababu ya Simba na Yanga, timu za Kariakoo, ambako hata akipanda basi alfajiri atafika hoi. Muulize timu ya mkoa wake. "Aa, ile ya Musoma?" Ndiyo, mura, ile ile. Uwanja wake ni Karume. Wa Tarime anavuka Daraja la Kirumi kuifuata, wa Mugumu anakuja kwa njia ya Natta, na nauli ni juu yake. Kwa hiyo wengi wanaizimia kwa mbali, kama mchumba wa kwenye simu.

Sasa tuone huyo mchumba alikuwa na sifa gani. Biashara United ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, ligi ikiwa na timu 20, ikanusurika. Baadaye akaja kocha Mkenya, Francis Baraza, na msimu wa 2020/21 mambo yakawa bomba kweli kweli. Nafasi ya nne! Juu yao walikuwepo Simba, Yanga na Azam tu, timu ambazo mkwanja wake unaujua. Kwenye Kombe la Shirikisho la nyumbani wakafika nusu fainali, wakatolewa na Yanga kwa bao 1-0 pale Tabora.

Bahati nayo ikawabeba. Simba ilikuwa imefanya vizuri Afrika kwa miaka kadhaa, hivyo Tanzania ikapewa nafasi nne za mashindano ya CAF badala ya mbili. Ya nne ikawa ya Biashara: Kombe la Shirikisho Afrika. (Ndiyo, shabiki wa Yanga, hapo sema asante Simba. Polepole, hakuna anayesikia.)

Septemba 2021 wakaenda Djibouti kucheza na FC Dikhil, wakashinda 1-0. Marudiano wakashinda 2-0. Hayo marudiano yalichezwa Dar es Salaam, maana usiku wa Afrika haukufika Karume. Oktoba 15, hapo hapo Dar, wakakutana na Al Ahli Tripoli ya Libya, klabu kubwa yenye historia na fedha. Wakaipiga 2-0. Mechi tatu, mabao matano, na kipa wao hajaokota mpira wavuni hata mara moja.

Kilichobaki kilikuwa kwenda Libya kulinda mabao mawili. Hawakwenda. Safari ikakwama, na habari za siku zile zilikuwa za vibali vya ndege na za fedha. Timu ikabaki Bongo, wenyeji wakasubiri, na Biashara ikatolewa mashindanoni. Hebu fikiria, umeshafika mpaka mlango wa ukumbi, umependeza kinoma, halafu gari la kukupeleka halipo.

Mimi hili linaniuma kwa sababu ya mahali lilipotokea. Mkoa wa Mara una mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo, Tarime. Una lango la Ikoma, Serengeti, ambako mtalii analipa kwa dola kumwona nyumbu. Na Ukuryani, shemeji zangu mnajua, mapenzi hayapimwi kwa sauti. Ukija kwa baba wa binti mikono mitupu, hata ucheze litungu usiku kucha, utarudi kwenu peke yako. Utaulizwa ng'ombe wako wapi. Kwa Biashara sisi tulipeleka makofi. Sisemi mashabiki wa kawaida wangeweza kukodi ndege, hiyo ni kazi ya viongozi na wafadhili. Nasema timu inayolipiwa kiingilio na watu wachache haina pa kushika mambo yakiharibika, na mfadhili naye huangalia majukwaa kabla ya kufungua pochi.

Baraza alikuwa ameshaondoka kabla ya hayo yote. Msimu huo huo wa 2021/22, miezi michache tu baada ya kuilaza Al Ahli Tripoli, Biashara ilishuka daraja pamoja na Mbeya Kwanza.

Wasomaji wa Tarime na Mugumu, niandikieni. Jezi ya Simba au Yanga najua mnayo, tena mbili mbili. Ya Biashara uliinunua lini?