Mshipa wa Kisigino: Neno kwa Watu Wazima Wenye Kukimbia

Ndugu msomaji, wewe uliyepita miaka 40, unapenda kukimbia asubuhi? Ni jambo jema. Kukimbia polepole kunautia moyo nguvu, kunasaidia kushusha damu iliyopanda, na kunatuliza mawazo. Siandiki maneno haya ili uache. Ninaandika ili usipate taabu niliyoipata mimi, infirmie, ninayewafundisha wengine.

Nilikuwa na miaka 43. Vijana wa kwetu walifanya futing kila siku kabla ya jua kupanda, nami niliona haya kubaki nyuma. Siku ya kwanza niliwafuata mpaka juu ya kilima na kurudi. Juma la tatu, kila nilipotoka kitandani, kisigino kilikuwa kigumu kama mti. Nilichechemea mpaka mlangoni, kisha maumivu yakapungua, nikasema, “Yamekwisha.” Nikakimbia tena. Nilificha jambo hili miezi miwili, kwa maana niliogopa kuchekwa. Mwisho nilishindwa kupanda ngazi nikiwa na sahani ya dawa mkononi. Ndipo nilipomwonyesha munganga mguu wangu.

Kwa nini kisigino kiliumia? Nyuma ya mguu, juu ya kisigino, iko kamba nene unayoweza kuishika kwa vidole viwili. Vitabu huiita kano. Wengi wetu tunaiita mshipa wa kisigino. Inaunganisha shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Unapokimbia, kwa kila hatua inavutwa kwa nguvu inayoweza kupita mara 6 ya uzito wa mwili wako. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni zaidi ya kilo 400. Tena kamba hii inapata damu kidogo kuliko nyama, kwa hiyo inapona polepole. Na miaka ikiongezeka, nyama ya shavu la mguu inapungua nguvu.

Basi angalia: moyo na mapafu yako yanaweza kuzoea mbio kwa majuma machache, lakini kamba hii inataka miezi. Pumzi inakuambia, “Twende,” na kisigino bado hakijawa tayari. Hapo ndipo watu wazima wengi wanapoumia.

Wagonjwa wanakosea kwa njia mbili. Wengine wanaendelea kukimbia na maumivu, kama nilivyofanya mimi. Wengine wanalala na kuacha kila kazi ya mguu kwa miezi. Maumivu yanatulia, lakini kamba inazidi kuwa dhaifu, na siku ya kukimbia tena yanarudi. Kamba ya kisigino inataka kazi, lakini kazi ya kipimo.

Jambo hili lilionyeshwa vizuri na munganga mmoja wa Sweden, jina lake Håkan Alfredson. Yeye mwenyewe aliumwa kisigino, naye amesimulia kwamba alitaka kupasuliwa, mkubwa wake akakataa. Akaanza kuutesa mguu kwa mazoezi mazito ili uharibike zaidi, apate kupasuliwa. Badala ya kuharibika, ukapona! Mwaka 1998 alitangaza habari za wakimbiaji 15, wengi wao watu wa miaka arobaini na zaidi, waliofanya mazoezi hayo kwa majuma 12. Wote 15 walirudi kukimbia.

Mazoezi yenyewe ni haya:

1. Simama kwenye ukingo wa ngazi, ukishika ukuta. Vidole viwe juu ya ngazi, visigino viwe nje.
2. Inuka juu ya vidole kwa miguu yote miwili.
3. Weka uzito wote juu ya mguu mgonjwa, ushuke polepole mpaka kisigino kipite chini ya ngazi.
4. Usiinuke kwa mguu mgonjwa. Inuka kwa mguu mzima.
5. Fanya mara 15, pumzika, fanya tena, mpaka umalize mafungu 3. Kisha fanya mafungu 3 mengine, goti likiwa limekunjwa kidogo. Fanya hivi asubuhi na jioni.

Maumivu kidogo si kitu. Maumivu makali, acha. Ikiwa unaumia chini kabisa, pale kamba inaposhika mfupa, usishuke chini ya ngazi. Fanya mahali palipo sawa. Zoezi likiwa jepesi, weka mgongoni mfuko wenye mchanga kidogo, uongeze polepole. Usichoke baada ya juma moja. Mimi niliona faida juma la sita, na nilikimbia tena baada ya miezi minne.

Sasa sikiliza habari za hatari. Mzee mmoja alikuwa akicheza mpira na wanawe. Alisikia “pa!” nyuma ya mguu, akageuka kwa hasira kuona nani aliyemtupia jiwe. Hapakuwa na mtu. Kamba yake ilikuwa imekatika. Watu walimkanda kwa nguvu na kumchanja kwa majuma matano, ndipo akaletwa lopitalo. Leo anatembea, lakini hawezi kusimama juu ya vidole vya mguu ule. Angalifika siku ile ile, tungalimfunga plasta, vidole vikielekea chini, au munganga angaliishona kamba, naye angalikuwa na matumaini zaidi.

Usidanganyike kwa sababu mtu bado anatembea. Mlaze kifudifudi, miguu ikining’inia nje ya kitanda, ukamue shavu la mguu. Wayo wa mguu mzima utasogea. Wayo usiposogea, mpeleke lopitalo leo, wala usimkande.

Iko hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Dawa ya siprofloksasini, ambayo watu wanainunua sokoni kwa kila homa ya tumbo, inaweza kudhoofisha kamba hizi hata zikatike. Hatari ni kubwa zaidi kwa watu waliopita miaka 60, na kwa wale wanaomeza prednisoloni. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliagiza onyo hilo liandikwe kwa nguvu kwenye karatasi za dawa hizo. Munganga akikupa, meza kama alivyosema, lakini usikimbie siku hizo. Kisigino kikianza kuuma, rudi upesi umwambie. Usiinunue wewe mwenyewe.

Tena, ukipata maumivu ya kifua wakati wa kukimbia, au shavu la mguu likivimba na kuwa moto, usingoje kesho. Hayo si mambo ya kisigino.

Je, utarudi vipi kukimbia? Kwanza utembee nusu saa bila maumivu. Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 4, na kurudia hivyo mara chache. Pumzika siku inayofuata. Ngoja asubuhi ndipo uamue, kwa maana kisigino kinasema kweli wakati wa kutoka kitandani. Kikiwa kigumu kuliko jana, punguza. Kikiwa sawa, ongeza kidogo juma linalofuata. Acha vilima na mbio za kasi mpaka mwisho.

Labda utasema, “Mimi ni mzee, nitapata nini kwa kwenda polepole?” Alikuwako mzee Ed Whitlock, mtu wa Uingereza aliyehamia Kanada. Alizoea kukimbia polepole, saa nyingi, akizunguka ndani ya makaburi karibu na nyumba yake. Magoti yalipomsumbua alipumzika miezi, kisha akaanza tena kidogo kidogo. Mwaka 2003, mwenye miaka 72, alimaliza kilomita 42 kwa muda usiofika saa 3. Hakuna mtu wa miaka 70 aliyewahi kufanya hivyo mbele yake. Mwaka 2016, mwenye miaka 85, alikimbia mwendo huo huo kwa saa 3 na dakika 56. Alikufa mwaka 2017.

Sikuambii uwe kama yeye. Mimi mwenyewe sasa vijana wananipita kila asubuhi, wakinisalimu, “Pole, baba!” Nawaitikia, nami naendelea na mwendo wangu. Wewe pia, ndugu, ukiumia usifiche. Njoo mapema, kisigino kikiwa bado kinatibika kwa ngazi na uvumilivu.