Haibridi, umeme au petroli: hesabu ya gari kwa mtu wa Songea

Ushauri mwingi kuhusu magari ya haibridi unaomfikia mtu wa Songea umetoka kwa watu wanaoendesha Dar es Salaam. Kule gari hukaa foleni Mwenge au Mbagala, injini ikichoma mafuta bila kwenda popote, na hapo ndipo haibridi inapoliacha mbali gari la petroli. Songea hakuna foleni ya namna hiyo. Kuna umbali, kuna milima, kuna vumbi la kiangazi na tope la masika. Mambo hayo manne ndiyo ya kupimia gari hapa kwetu, na yakipimwa vizuri majibu hayafanani na ya Dar.

Nianze na gari linaloulizwa sana, Toyota Aqua. Lilianza kuuzwa Japani Desemba 2011. Injini yake ya lita 1.5, aina ya 1NZ-FXE, ni ya ukoo mmoja na 1NZ-FE iliyomo kwenye IST za lita 1.5 tunazozijua, kwa hiyo fundi aliyeizoea IST hapotei akifungua boneti ya Aqua. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye FXE vali za kuingiza hewa huchelewa kufunga. Injini inapoteza nguvu kidogo lakini inabana mafuta, na nguvu iliyopungua inafidiwa na mota ya umeme. Stata na altaneta za kawaida hazimo. Mota mbili zilizoko kwenye gia boksi ndizo zinazowasha injini, kusukuma magurudumu na kuchaji betri. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, na nguvu ambayo ingeishia kuwa joto kwenye pedi inarudi kwenye betri. Ndiyo maana pedi za haibridi hukaa muda mrefu.

Betri yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ina volti 144 na ampea-saa 6.5, yaani haifiki hata uniti moja ya LUKU. Tena kompyuta ya gari hairuhusu ijae kabisa wala iishe kabisa, ili idumu, kwa hiyo kinachotumika ni kama nusu ya hapo. Kwenye foleni nusu uniti inatosha sana, kwa sababu inajaa na kutumika tena na tena. Milimani ni habari nyingine.

Chukua barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay, ile lami ya kilomita 67. Kutoka juu kwenye milima ya Umatengo hadi Ziwa Nyasa, ambalo maji yake yako mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, gari linashuka zaidi ya mita 800. Aqua yenye abiria na mizigo, tuseme kilo 1,400, inaposhuka kimo hicho inatoa nguvu ya takriban uniti tatu. Sehemu inaliwa na upepo na msuguano wa tairi, lakini bado kinachobaki ni kikubwa mno kwa betri ya nusu uniti. Betri inajaa mapema, na kuanzia hapo kompyuta inaizungusha injini bila mafuta ili isaidie kuzuia mwendo. Dereva mgeni hushtuka kusikia injini ikinguruma hali ameondoa mguu kwenye mafuta, akadhani gari limeharibika. Halijaharibika, halina tu pa kuweka umeme. Wakati wa kurudi, betri inaisha kwenye vilima vya mwanzo na injini inapanda karibu peke yake. Gari la umeme lenye betri ya uniti 40 lingepokea sehemu kubwa ya hicho kinachobaki cha ule mteremko, ili mradi mwenye gari asiondoke Mbinga betri ikiwa imejaa pomoni.

Sasa fedha. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi kwa kila mji, na namba hubadilika, kwa hiyo nitatumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu ifuatike kirahisi. Mjini kwenye kusimama na kuondoka, IST hutembea kilomita 11 hivi kwa lita na Aqua iliyo nzima 22. Kwa kila kilomita 100 mwenye Aqua anaokoa zaidi ya shilingi 13,000. Kwenye njia ndefu kama ya Njombe, IST inafika 16 na Aqua 21, na akiba inashuka hadi 4,500 hivi. Ukichanganya vyote kwa kilomita 15,000 za mwaka mzima, IST inakula petroli ya karibu milioni 3.5 na Aqua ya milioni 2.1. Tofauti ni milioni 1.4 hivi. Ni fedha nzuri, lakini si ya kukufanya ufumbe macho, kwa sababu betri moja ikifa inaweza kumeza akiba ya miaka.

Na betri hizi kwetu zinauawa na vumbi. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Betri ya Aqua imelazwa chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo hapo hapo kitini. Ukiendesha njia ya vumbi madirisha yakiwa wazi, feni inavuta vumbi lote hilo. Fungua feni ya gari lililokaa Songea miaka miwili mitatu bila kusafishwa: mapanga yake yamevaa utandu mwekundu, mzito, ulioshikana na nywele na nyuzi za zulia, na hewa inayopita ni kidogo mno. Betri inapata joto, seli dhaifu inatangulia kufa, taa ya onyo inawaka. Mara nyingi mteja anauziwa moduli moja, yaani fungu moja la seli, ya kubadilisha kati ya 20 zilizomo. Gari linapona kwa miezi kadhaa, kisha moduli nyingine inafuata, kwa sababu zote zimezeeka pamoja. Kusafisha feni ni kazi ya saa moja. Kuweka begi au nguo mbele ya tundu lile ni kujitafutia hasara, na kwenye njia ya vumbi funga madirisha, washa AC.

Anayeagiza kutoka Japani akumbuke pia umri. Sheria yetu inaruhusu gari kuukuu, tofauti na Kenya inayokataa lililozidi miaka 8, lakini TRA hutoza ushuru wa ziada: asilimia 15 likiwa na miaka 8 au 9, na asilimia 30 likifika 10. Aqua za mwanzo zote zimeshavuka huko. Unalipa ushuru mkubwa zaidi kwa betri iliyochoka zaidi.

Gari la umeme kamili lina hoja ambayo Songea haikuwa nayo zamani. Hadi 2018 mji huu ulikuwa ukitegemea sana umeme wa jenereta za dizeli. Gari la umeme lingechajiwa kwa dizeli hiyo hiyo tuliyokuwa tunataka kuikwepa. Mwaka huo laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikatuunganisha na gridi ya taifa. Sasa gridi hiyo ina Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, na sehemu ya maji yanayoizungusha mitambo yake yanashuka na mto Luwegu kutoka mkoa wetu wa Ruvuma. Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji na uhaba wa dola za kununulia mafuta, mwaka 2024 ilizuia kabisa kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Sisi hatulazimiki kufika huko, lakini sababu zao tunazo pia.

Kwa uniti ya shilingi 356 pamoja na kodi, na uniti 17 kwa kilomita 100, kilomita zile 15,000 zinagharimu kama shilingi 900,000 kwa mwaka. Tahadhari kwa aliye kwenye tarifa ya majumbani ya uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu: gari la kutembea kilomita 1,000 kwa mwezi linahitaji uniti 170 hivi, kwa hiyo usipige hesabu ukitumia bei hiyo ya nafuu. Kikwazo kikubwa zaidi ni safari. Njombe iko zaidi ya kilomita 230 kutoka hapa, na barabara hiyo ina sheli, haina mtandao wa vituo vya kuchaji haraka. Nissan Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2010 na betri ya uniti 24, hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, na zinazopatikana mtumba nyingi zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo. Hesabu vile vidirisha 12 pembeni ya geji ya betri. Vikiwa 8, theluthi ya betri imeondoka, na bei ndogo usiishangae.

Kwa hiyo ninavyoona, umeme Songea uanze na pikipiki na bajaji. Bodaboda wa Lizaboni au Mfaranyaki hatoki mjini, anarudi pale pale kijiweni siku nzima, na anajua kila jioni amelala wapi. Pikipiki ya petroli kilomita 100 inakula kama shilingi 7,000. Ya umeme haifiki 1,500. Kigali wamekuwa wakibadilishana betri za bodaboda vituoni tangu 2019, dereva anaacha iliyoisha na kuondoka na iliyojaa. Hapo hakuna teknolojia inayotushinda. Kunatakiwa mtaji na mwenye kuthubutu.

Anayekwenda Muhukuru, Mkenda au mashambani Namtumbo kila wiki abaki na petroli au dizeli na gari lililoinuka. Aqua ina sentimita 14 tu kutoka ardhini. Mfanyakazi wa mjini anayekwenda Peramiho mara kwa mara na Dar mara moja moja, haibridi inamfaa, kwa sharti moja: ajue kabla ya kulipa ni fundi gani atakayelifungua gari. Nyaya zile za rangi ya chungwa si za betri ya volti 12. Ndani ya inveta ya Aqua umeme unapandishwa hadi volti 520, na hata baada ya kuchomoa plagi ya usalama fundi anatakiwa asubiri dakika 10 kabla ya kugusa chochote, akiwa na glavu za mpira za kiwango cha volti 1,000. Nenda gereji, uliza glavu ziko wapi. Wasipokuwa nazo, usiwaachie gari hilo, kwa ajili ya gari lako na zaidi kwa ajili ya uhai wa kijana atakayetumwa kuinua kile kiti.