Galaksi Hafifu Utosini mwa Newala

Katikati ya Agosti, inapokaribia saa nne na nusu usiku, galaksi ya NGC 6822 hupita karibu na utosi wa Newala, kusini mwa Tanzania. Huukosa kwa nyuzi nne tu. Kwa mtazamaji wa London galaksi hiyohiyo haipandi zaidi ya nyuzi 24 juu ya upeo, na nuru yake humfikia ikiwa imepenya hewa zaidi ya maradufu. Masasi nako, jirani na Newala, milima ya mawe inaziba upeo lakini haifiki utosini. Kero kubwa huko ni moshi wa mashamba yanayochomwa, na mbalamwezi.

Edward Emerson Barnard aliigundua mwaka 1884 akiwa Nashville, Marekani, kwa darubini ndogo. Mwaka 1925 Edwin Hubble alipima umbali wake kwa nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpangilio, akathibitisha kuwa iko nje kabisa ya Njia Nyeupe. Makadirio ya sasa ni miaka ya nuru milioni 1.6 hivi.

Kwa nini basi wengi huikosa? Mwanga wake umetandazwa kwenye eneo lenye upana wa karibu nusu ya Mwezi mpevu, kama kijiko cha maziwa kwenye ndoo ya maji. Anayeanza hukimbilia lenzi ya kukuza sana, naye huzidi kuutandaza. Lenzi ya kukuza kidogo ndiyo inayofaa, kwa kuwa jicho linahitaji kuona pia giza linaloizunguka galaksi.

Safari huanzia kwa jirani yake katika kundinyota la Mshale: NGC 6818, wingu dogo la gesi lililotemwa na nyota inayokufa. Likikuzwa, huwa kisahani chenye rangi ya kijani na buluu. Kutoka hapo galaksi iko kusini, ikielekea mashariki kidogo, umbali unaozidi kidogo upana wa Mwezi. (Darubini za Dobson huwa kaidi kuelekezwa utosini, afadhali kusubiri saa moja ipite.)

Macho yakae gizani nusu saa, kisha yatazame pembeni kidogo ya shabaha, maana kingo za retina huhisi mwanga hafifu vizuri zaidi kuliko kitovu chake. Bado kuna shaka? Darubini iguswe taratibu. Ukungu ulio kwenye lenzi hubaki palepale; galaksi huhama pamoja na nyota, na umbo lake limerefuka kutoka kaskazini kwenda kusini.